Akaunti imefungwa kwa dharura: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mteja aliyefungua programu au tovuti anayoitumia kila siku akakuta ametolewa nje, ameagizwa abadilishe nenosiri, au amezuiwa kutoa pesa mpaka athibitishe kwamba ni yeye. Ukiwa na dakika chache tu, nenda moja kwa moja kwenye swali la "Nianzie wapi?" Katika dharura ya akaunti, mpangilio wa hatua una uzito kuliko wingi wake. Mtu anaweza kufanya kila kitu alichoagizwa na bado akaipoteza akaunti tena siku ileile, kwa kuwa alianza na jambo la tatu akaliacha la kwanza.

Kwa nini nimetolewa kwenye akaunti ghafla wakati nenosiri langu ni lilelile?

Jukwaa halikuulizi nenosiri kila unapofungua ukurasa. Likishakutambua mara ya kwanza, hukipa kivinjari au programu yako tokeni, yaani kipande cha data kinachosema kwamba huyu ameshathibitishwa. Tokeni hiyo ndiyo inayokuwezesha kukaa ndani kwa wiki au miezi. Mtu akiiiba, anaingia bila kulijua nenosiri lako na bila kuulizwa namba ya uthibitisho. Ndiyo maana jukwaa linaloshuku wizi huanza kwa kubatilisha tokeni zote. Yako halali na ya mwizi zinakufa pamoja, kisha kila mtu anatakiwa kuingia upya.

Septemba 2018 Facebook ilifanya hivyo kwa akaunti takribani milioni 90. Wakati huo ilihofia kwamba tokeni za akaunti karibu milioni 50 zimeibwa kupitia kasoro kwenye kipengele cha kuutazama wasifu wako jinsi wengine wanavyouona. Akaunti nyingine milioni 40 ziliongezwa kwa tahadhari, kwa kuwa zilikuwa zimepitia kipengele hicho. Uchunguzi ulipoendelea, idadi ya walioibiwa tokeni ilishuka hadi karibu milioni 30. Kwa hiyo mamilioni ya watu walitolewa nje bila kuguswa na mwizi, na bado uamuzi ule ulikuwa sahihi. Saa za mwanzo jukwaa huwa halijui nani ameguswa na nani hajaguswa. Likingoja lijue, mwizi naye anaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo nimedukuliwa au sijadukuliwa?

Kutolewa nje peke yake hakuthibitishi lolote. Dalili zenye uzito ni hizi: taarifa ya kuingia kutoka kwenye kifaa usichokijua, barua pepe ya kukuarifu kwamba anwani au namba yako ya simu imebadilishwa, oda au muamala usioutambua, au ujumbe uliotumwa kwa jina lako bila wewe kuuandika. Ukiona mojawapo, chukulia kwamba mtu ameingia na ufuate hatua zote zilizo hapa chini. Usipoona hata moja, zifuate vilevile, lakini kwa utulivu.

Jukwaa linasema mifumo yake haikuvunjwa, lakini akaunti za wateja zimeingiliwa. Inawezekanaje?

Inawezekana kabisa, na hutokea mara nyingi. Mwizi huchukua orodha ya barua pepe na manenosiri yaliyovuja kwenye tovuti nyingine, halafu huipa programu inayojiendesha yenyewe kazi ya kujaribu kila jozi kwenye tovuti mpya. Haivunji chochote, inaingia kwa kutumia taarifa sahihi. Ukitumia nenosiri moja sehemu mbili, usalama wa ile iliyo imara unakuwa sawa na wa ile iliyo dhaifu.

Orodha hizi zimekuwa zikikusanywa kwa miaka. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ilipoteza manenosiri milioni 32 ambayo ilikuwa imeyahifadhi jinsi yalivyoandikwa, bila kuyaficha kwa hesabu yoyote. Mwaka 2012 LinkedIn iliingiliwa, na yaliyoonekana hadharani yalikuwa manenosiri yapatayo milioni 6.5. Miaka minne baadaye ikabainika kwamba wizi uleule ulihusu zaidi ya akaunti milioni 100. Kwa hiyo nenosiri uliloliacha zamani kwenye akaunti usiyoikumbuka bado linajaribiwa leo kwenye akaunti unayoithamini.

Mfano unaoumiza zaidi ni wa 23andMe, kampuni ya vipimo vya vinasaba, mwaka 2023. Wavamizi waliingia kwenye akaunti zipatazo 14,000 kwa manenosiri yaliyotumika kwingineko. Kwa kuwa jukwaa lile liliwawezesha wateja kuona taarifa za ndugu zao wa damu, kupitia akaunti hizo chache wakafikia taarifa za watu karibu milioni 6.9. Wengi wao akaunti zao wenyewe hazikuingiliwa. Baada ya hapo kampuni iliwalazimisha wateja wote wabadilishe manenosiri, kisha ikaufanya uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na uthibitisho wa pili kama namba inayotumwa kwenye simu, kuwa wa lazima. Hatua hizo zilikuwa sahihi, lakini kwa data ya aina ile zilistahili kuwapo tangu siku ya kwanza.

Nimepokea ujumbe wa dharura kutoka kwa jukwaa. Nitajuaje kama ni wa kweli?

Kwa maoni yangu hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu. Habari za jukwaa kuingiliwa zikishatangazwa, matapeli wa aina ya pili huanza kazi: wale ambao hawakuiba chochote, lakini wanajua kwamba wateja wana hofu na wanasubiri kuambiwa la kufanya. Hutuma ujumbe unaofanana neno kwa neno na tangazo halali, wenye kiungo kinachokupeleka kwenye ukurasa wa bandia.

Usijaribu kuukagua ujumbe wenyewe ili ujue ni wa kweli au wa uongo. Nembo inanakiliwa, lugha siku hizi huwa safi, na jina la mtumaji linaweza kughushiwa kiasi kwamba SMS ya tapeli inaingia kwenye mfululizo uleule wa jumbe halali za kampuni. Namba inayoonekana unapopigiwa simu nayo inaweza kughushiwa. Njia inayofaa ni kuuacha ujumbe kama ulivyo, kufungua programu rasmi iliyo kwenye simu yako au kuandika mwenyewe anwani ya tovuti kwenye kivinjari, na kuingia kwa njia hiyo. Kama kweli kuna jambo la dharura, utalikuta humo ndani.

Namba ya uthibitisho inayoingia kwenye simu yako ina matumizi mamoja tu, nayo ni wewe kuiandika kwenye ukurasa ulioufungua mwenyewe. Mtu yeyote anayekupigia na kukuomba umsomee namba hiyo, hata akijitambulisha kwamba ni wa idara ya usalama, hata akikutajia jina lako kamili na oda yako ya mwisho, anataka kuingia kwenye akaunti yako dakika hiyohiyo. Kata simu. Hakuna haja ya kujieleza wala kuomba radhi. Wengi walioibiwa kwa njia hii walikuwa waangalifu, ila waliona aibu kumkatia simu mtu anayezungumza kwa adabu.

Ukitumia kidhibiti cha manenosiri, yaani programu inayokutungia, kukutunzia na kukujazia manenosiri, unapata pia ishara usiyoweza kujidanganya nayo. Chenyewe hulinganisha anwani ya tovuti herufi kwa herufi kabla ya kujaza. Kikikataa kujaza kwenye ukurasa unaoonekana ni uleule, simama hapo na uiangalie anwani upya.

Nianzie wapi?

Anza na kifaa. Kama kompyuta au simu unayoitumia ina programu hasidi inayonasa unachoandika, kila nenosiri jipya utakaloliweka litamfikia mwizi kabla hujamaliza. Iwapo siku za karibuni ulipakua programu kutoka sehemu usiyoiamini, toleo la bure la programu inayouzwa, au faili uliyotumiwa na mtu usiyemjua, tumia kifaa kingine kwa hatua zote zinazofuata. Kile chenye shaka kisafishwe baadaye.

Kisha nenda kwenye barua pepe yako, kabla hujaigusa akaunti iliyofungwa. Watu wengi hufanya kinyume. Barua pepe ndiyo inayopokea viungo vya kuweka upya manenosiri ya kila akaunti nyingine, kwa hiyo mwenye barua pepe yako ana uwezo wa kukurudisha nyuma kila unapopiga hatua. Ibadilishie nenosiri, ondoa vifaa vyote usivyovitambua, na uwashe hatua ya pili ya uthibitishaji. Halafu fungua mipangilio na utazame sehemu mbili ambazo husahaulika: usambazaji wa kiotomatiki na vichujio. Wavamizi hupenda kuweka amri ndogo ya kupeleka nakala ya kila barua kwenye anwani yao, au ya kuzificha kwenye tupio barua zote zenye jina la jukwaa fulani ili usione maonyo. Amri hiyo hubaki hata baada ya nenosiri kubadilishwa. Futa yoyote ambayo hukuiweka wewe. Angalia pia anwani mbadala na namba ya simu ya kurejesha akaunti, uhakikishe ni zako.

Sasa rudi kwenye akaunti yenyewe. Weka nenosiri jipya, kisha utafute kitufe cha kutoka kwenye vifaa vyote na ukibonyeze hata kama unadhani jukwaa limeshafanya hivyo. Washa hatua ya pili. Hakikisha barua pepe, namba ya simu, anwani ya kupokelea mizigo na njia ya malipo ni zile ulizoziweka wewe. Anwani moja ngeni ya mizigo iliyoachwa humo inaweza kutumika miezi miwili baadaye, wakati umeshasahau.

Mwisho, kama nenosiri la zamani ulilitumia kwingine, nenda kote huko ukalibadilishe. Anza na benki na huduma za pesa kwa simu, kisha mitandao ya kijamii, halafu mengineyo. Ni kazi ya kuchosha, lakini orodha ya mwizi haichoki.

Nimebadilisha nenosiri lakini bado kuna mtu anaingia. Nimekosea wapi?

Yamkini hukukosea popote. Kwenye baadhi ya majukwaa kubadilisha nenosiri hakuondoi tokeni zilizokwisha kutolewa, kwa hiyo mwizi aliyekuwa ndani anabaki ndani mpaka mtu abonyeze kitufe cha kutoka kwenye vifaa vyote. Sababu nyingine ni programu za nje ulizoziunganisha na akaunti: mchezo uliouruhusu uingie kwa akaunti yako, au huduma ya kupanga machapisho. Kila moja ina ruhusa yake isiyotegemea nenosiri. Fungua orodha ya programu zilizounganishwa na uondoe zote usizozihitaji leo. Ukiiondoa moja kwa bahati mbaya, kuirudisha ni rahisi.

Ikiwa hayo yote umeshayafanya na bado anarudi, rudi kwenye hatua ya kwanza, yaani kifaa. Kuna programu hasidi zilizotengenezwa mahususi kunyakua tokeni na manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari na kuyatuma kwa mwizi. Katika hali hiyo njia ya uhakika ni kuhifadhi nyaraka zako, kukifuta kifaa kabisa na kuweka mfumo upya.

Nenosiri jipya liwe la namna gani?

Refu, na lisiwahi kutumika popote. Hayo mawili yanatosha. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa 2017 iliachana na ushauri wa zamani wa kuwalazimisha watu wabadilishe nenosiri kila baada ya muda fulani na kuchanganya alama za ajabu. Mwongozo huo unataka nenosiri libadilishwe pale panapokuwa na ushahidi kwamba limevuja, na unayataka majukwaa yakatae manenosiri yaliyomo kwenye orodha za yaliyovuja. Sababu yake inaeleweka: mtu anayelazimishwa kubadilisha kila mwezi huongeza tarakimu moja mwishoni, na mwizi analijua hilo.

Nenosiri la kukumbuka kichwani liwe maneno manne au matano yasiyohusiana. Mengine yote yaachie kidhibiti cha manenosiri kiyatunge na kuyatunza. Ukitaka kujua kama barua pepe yako imo kwenye orodha zilizovuja, tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, inakuruhusu kutafuta bila malipo na bila kuiandikia nenosiri la akaunti unayoiulizia.

Kuna njia kadhaa za hatua ya pili. Nichague ipi?

Yoyote ni bora kuliko kutokuwa nayo, lakini hazilingani. Mwaka 2019 Google ilichapisha matokeo ya utafiti juu ya akaunti zake yenyewe. Namba iliyotumwa kwa SMS ilizuia mashambulizi yote ya programu zinazojiendesha, asilimia 96 ya ulaghai unaotumwa kwa watu wengi kwa pamoja, na asilimia 76 ya mashambulizi yanayomlenga mtu mmoja mahususi. Ombi la kuthibitisha kwa kugusa skrini ya simu lilifikia asilimia 99 na 90 kwa aina hizo mbili za mwisho. Ufunguo wa usalama, kile kifaa kidogo unachokichomeka au kukigusisha kwenye simu, ulizuia zote.

SMS ina udhaifu wake kwa sababu namba ya simu inaweza kuhamishwa. Tapeli akimhadaa au kumhonga mtumishi wa kampuni ya simu, laini yako inahamia kwenye kadi yake na namba zote za uthibitisho zinakwenda kwake. Agosti 2019 Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter wakati huo, alitekwa akaunti yake kwenye mtandao wake mwenyewe baada ya namba yake ya simu kuporwa. Programu ya kuzalisha namba kwenye simu haina udhaifu huo, kwa kuwa namba inatengenezwa ndani ya kifaa na kubadilika kila sekunde 30 bila kupita mtandao wa simu. Ikikukatalia namba sahihi, kwanza angalia kama saa ya simu yako iko sawa.

Ombi la kugusa skrini ni rahisi kulitumia, lakini usilikubali ombi ambalo hukulianzisha. Mwaka 2022 mvamizi aliyekuwa na nenosiri la mkandarasi mmoja wa Uber alijaribu kuingia tena na tena, maombi yakamiminika kwenye simu ya mkandarasi huyo, hatimaye akakubali moja. Maombi yakianza kuja mfululizo usiku, maana yake nenosiri lako limeshajulikana. Kataa na ulibadilishe palepale.

Jukwaa lako likikupa nafasi ya kutumia ufunguo wa siri, ule unaofunguliwa kwa alama ya kidole, uso au namba ya kufungulia simu, uchukue. Hakuna neno la kuandika, kwa hiyo hakuna la kuibwa kwenye ukurasa wa bandia; ufunguo hufanya kazi kwenye anwani halisi ya jukwaa tu. Tangu Apple, Google na Microsoft zilipotangaza mwaka 2022 kwamba zitaupanua kwa pamoja, umeenea sana. Kama una pesa au riziki kwenye akaunti fulani, ningekusihi uanze na hiyo.

Namba za akiba nizihifadhi wapi?

Hizi ni namba ambazo jukwaa hukupa unapowasha hatua ya pili, za kuingilia siku simu haipo. Ziandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na vyeti vyako. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu ileile ambayo siku ikipotea ndiyo utazihitaji.

Simu yangu imepoteza mtandao ghafla, na papo hapo zimeanza kuingia barua pepe za kubadilisha manenosiri.

Hii ni dharura ya kweli, na inahesabiwa kwa dakika. Tafuta simu ya mtu mwingine au Wi-Fi. Wa kwanza kumpigia ni kampuni ya simu: waambie laini yako huenda imehamishwa bila idhini na waifunge. Wa pili ni benki na huduma yoyote ya pesa iliyofungwa kwenye namba hiyo, wasitishe miamala. Kisha ingia kwenye barua pepe kwa kifaa ambacho bado kimo ndani na uiondoe namba hiyo kama njia ya kurejesha akaunti. Kuijulisha familia ni muhimu pia, maana anayeishika namba yako anaweza kuwaandikia kwa jina lako akiomba watume pesa.

Kwa nini siwezi kutoa pesa wala kubadilisha barua pepe, ilhali nimeshajithibitisha?

Kwa sababu mwizi naye huwa ameshajithibitisha. Machoni pa mfumo, mtu aliyeingia kwa nenosiri na namba sahihi ni mwenye akaunti. Kinachobaki kuwatofautisha ni muda. Ndiyo maana baada ya nenosiri au barua pepe kubadilishwa, majukwaa mengi huzuia utoaji wa pesa kwa siku moja au zaidi na kutuma taarifa kwenye anwani ya zamani na mpya. Mwenye akaunti halisi akiiona taarifa hiyo, anapata nafasi ya kusema hapana. Mwizi huchukia kusubiri, kwa kuwa kila saa inayopita inaongeza uwezekano wa kugunduliwa.

Julai 2020, wavamizi walipowahadaa wafanyakazi wa Twitter kwa simu na kufikia zana za ndani, walilenga akaunti 130 na kuchapisha ujumbe wa utapeli wa bitcoin kupitia 45 kati yake. Kampuni ilizuia kwa muda akaunti nyingi zilizothibitishwa zisichapishe chochote, zikiwamo ambazo hazikuguswa. Ilileta usumbufu mkubwa, lakini utapeli ulisimama.

Najua zuio linaumiza pale pesa zinapohitajika leo kwa ajili ya dawa au mshahara wa watu. Katika hali hiyo wasiliana na huduma kwa wateja kupitia programu rasmi, ueleze, na uombe kesi yako iangaliwe na mtu. Usimlipe yeyote anayejitokeza mtandaoni akidai ana ndugu ndani ya kampuni anayeweza kuifungua haraka. Hao huwangojea watu walio katika hali kama yako.

Huduma kwa wateja wananiomba kitambulisho. Niwape?

Kuombwa si ajabu, kwa kuwa akaunti ikishabadilishwa taarifa zake, kitambulisho huweza kuwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kukutofautisha na mwizi. Angalia njia unayoombwa uitumie. Kipakie ndani ya ukurasa rasmi wa kurejesha akaunti, ulioufikia mwenyewe. Usikitume kwa barua pepe ya kawaida wala kwenye gumzo lililoanzishwa na wao. Kama jukwaa linaruhusu, andika juu ya nakala kwamba ni kwa ajili ya kurejesha akaunti hiyo pamoja na tarehe, bila kuziba maelezo, ili isitumike kwingine.

Mhudumu akikuuliza maswali mengi kuliko ulivyotarajia, mvumilie. Mhudumu mwepesi wa huruma ndiye anayetafutwa na tapeli.

Kadi yangu ya benki iko salama?

Majukwaa mengi hayakai na namba nzima ya kadi. Huiachia kampuni ya kuchakata malipo na kubaki na tarakimu nne za mwisho. Hata hivyo aliyeingia kwenye akaunti anaweza kununua kwa kadi iliyohifadhiwa bila kuiona namba. Pitia taarifa ya benki ya siku za karibuni, na usidharau makato madogo, kwani wezi huanza na kiasi kidogo kupima kama kadi inafanya kazi. Ukiona lolote usilolitambua, iambie benki iifunge kadi na ikupe nyingine. Mapema ni bora, maana haki ya kurudishiwa pesa mara nyingi ina muda maalumu.

Akaunti yetu tunaitumia watu kadhaa. Tufanye nini?

Kila mmoja apewe njia yake ya kuingia ikiwa jukwaa linaruhusu. Kama haliruhusu, mtu mmoja awe msimamizi wa nenosiri na hatua ya pili, na siku ya dharura yeye peke yake ndiye abadilishe. Watu watatu wakibadilisha kwa wakati mmoja, mfumo unaweza kuliona kama shambulio na kuifunga akaunti zaidi. Mfanyakazi akiondoka, ruhusa yake iondoke siku hiyohiyo.

Jukwaa lina wajibu gani wa kunieleza kilichotokea?

Linatakiwa kukueleza nini kimechukuliwa, lini, na ufanye nini. Sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, inaitaka kampuni iijulishe mamlaka ya serikali inayosimamia ulinzi wa data ndani ya saa 72 tangu itambue uvujaji, pale inapowezekana, na iwajulishe wahusika bila kuchelewa kama hatari kwao ni kubwa. Nchi nyingi zina sheria zao za namna hiyo, na una haki ya kuuliza.

Kuchelewa kunaumiza. Yahoo iliingiliwa Agosti 2013. Taarifa ilitolewa Desemba 2016 ikitaja akaunti bilioni moja, na Oktoba 2017 ikakiri kwamba ni akaunti zote bilioni tatu. Kwa zaidi ya miaka mitatu watu waliendelea kutumia manenosiri ambayo tayari yalikuwa mikononi mwa wengine, na hakuna aliyewaambia. Mteja hawezi kujilinda dhidi ya jambo asilolijua. Tangazo linalosema tu kwamba usalama wako ni muhimu kwetu, bila kutaja kilichoibwa, halikidhi haja. Liandikie jukwaa, uliza kwa maandishi kama nenosiri lako limeguswa na lilihifadhiwa kwa namna gani, na ulitunze jibu.

Nifute akaunti kabisa?

Unaweza, lakini si leo. Kufuta hakurudishi nakala iliyokwisha kuibwa, na ukifuta mapema unapoteza kumbukumbu za kuingia na za miamala ambazo benki au polisi wanaweza kuzihitaji. Ilinde kwanza, pakua historia yake, subiri malalamiko yako yaishe, ndipo ufute ukitaka. Ukiwa kwenye kazi hiyo, zitafute pia akaunti za zamani usizozitumia tena, zilizofunguliwa kwa barua pepe ileile na nenosiri lilelile. Hizo unaweza kuzifuta hata leo.